Sura ya Tano: Vigari Vilivyoongezeka Kabatini

Katika miaka yote ya kazi yake, Inspekta alikuwa amezoea watu wanaokuja kituoni kulia kwamba mali yao imepungua. Huyu alikuwa wa kwanza kuja kulia kwamba ya kwao inaongezeka.

"Hebu rudia, taratibu," alimwambia yule binti aliyekaa ng'ambo ya meza, mwalimu wa shule ya msingi, vumbi la chaki bado limeganda kwenye mkono wa gauni lake. "Mtu anaingia nyumbani kwenu. Haibi. Anaacha kitu, anaondoka zake."

"Anaacha kigari."

Koplo, aliyekuwa amesimama dirishani, alikohoa kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

"Vigari vyenyewe si vya watoto," binti alisema upesi, kama mtu aliyewahi kugombezwa kwa kosa hilo. "Ni vigari vya chuma cha kumimina, mfano halisi wa magari ya zamani. Kila kitu kimo, hadi usukani, ila kimepunguzwa kwa kipimo. Marehemu baba alikuwa mhandisi, na vigari hivyo alivikusanya maisha yake yote. Sasa tangu tumzike, kila baada ya siku chache mama anaamka usingizi wake wa mchana, anashuka chini, anakuta kabatini kimoja ambacho jana hakikuwapo. Anasema ni baba. Anasema mtu haachi kukusanya kwa sababu tu amekufa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilisema mama anavinunua mwenyewe halafu anasahau. Lakini mama hatoki nyumbani, Inspekta. Halafu juzi nilikuwa palepale, sebuleni, nasahihisha madaftari. Mama yuko juu amelala. Nikasikia kioo cha kabati kinafungwa. Kile kimlio chake nakijua tangu utoto."

"Ukaenda kutazama?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nilikimbilia nje. Peku. Mtoto wa kumzaa mwenyewe, nikamkimbia baba yangu."

"Jini mkarimu huyo," Koplo alisema kule dirishani. "Angepita na kwangu."

Inspekta alimtupia jicho moja, naye akarudi kutazama mvua.

Ilikuwa mvua ya rasharasha, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Nyumba ya marehemu ilikuwa ya ghorofa moja, mwisho wa mtaa wenye karakana na maghala, kuta zake zimeota ukungu wa kijani hadi usawa wa madirisha. Mjane aliwapokea mlangoni mwenyewe, polisi wawili na bintiye. Alikuwa mama mwembamba, mnyoofu kama sindano, na alisema nao kwa sauti ya chini, kama watu wasemavyo nyumba yenye mgonjwa.

"Karibuni, wanangu. Viatu msivue, sakafu ina baridi. Ila nawaombeni, huko ndani msipige kelele."

Aliwapeleka chumba cha nyuma. Madirisha yalifungwa muda wote, alieleza, maana jua hula rangi. Koplo alipapasa ukutani, asipate swichi, akawasha tochi yake. Papo hapo, kutoka gizani, mamia ya taa ndogo zikawaka kwa pamoja na kuwatazama.

"Lahaula!" Koplo alirudi nyuma, akamkanyaga binti.

Zilikuwa taa za vigari. Kabati la vioo lilichukua ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, na kila kigari kilielekezwa uso mlangoni, kana kwamba vyote vilikuwa vikimngoja mtu aingie. Mjane aliwasha taa ya juu. Mbele ya kabati kulikuwa na meza ndogo, kioo cha kukuzia kwenye mkono wa chuma, na brashi laini za rangi zimesimamishwa ndani ya kikombe.

"Hakupanga kwa mwaka wala kwa rangi," mjane alisema. "Alipanga kwa wazo. Hii ni rafu ya waliokuwa wa kwanza kuvutwa na magurudumu ya mbele. Hii ya waliohamishia injini nyuma. Hii ya waliotengeneza gari kwa kuufikiria upepo. Na hawa wa huku," sauti yake ililainika, "aliwaita Waliochekwa."

Inspekta aliinama. Kulikuwa na gari la magurudumu matatu lililochongoka kama kisigino cha kiatu. Kulikuwa na jingine lenye mlango mmoja tu, nao ulikuwa usoni, linafunguka kama jokofu. Jingine lilikuwa na propela mbili ndogo chini ya bampa, gari la kuogelea. Jingine lilikuwa na jicho la tatu katikati ya paji, taa iliyotengenezwa igeuke pamoja na usukani ili imulike kona kabla gari halijafika.

"Walichekwa kwa nini?"

"Kwa kuwahi mapema. Alikuwa akisema, kila unachokiona leo barabarani, kuna mtu alichekwa kwacho kwanza."

"Na vilivyoongezeka ni vipi?"

Mjane hakuhitaji kufikiri. Alivigusa kwa macho tu, kimoja huku, viwili kule, kingine pale chini, mpaka Inspekta akatambua kwamba havikuwekwa pamoja. Kila kigeni kilikuwa kimeketi miongoni mwa wenziwe, injini ya nyuma kwa injini ya nyuma, mchekwa kwa wachekwa.

"Hakosei rafu hata siku moja," mjane alisema. "Ndiyo maana nikajua. Mwizi gani anajua haya?"

Hilo, Inspekta alikiri kimoyomoyo, lilikuwa swali la mpelelezi. Alivaa glavu. "Ufunguo wa kabati anao nani?"

Mjane alivuta uzi shingoni mwake, ufunguo mdogo ukatokeza. "Haujatoka hapa tangu mazishini. Na kila ninapokikuta kigari kipya, kabati limefungwa."

"Mlango wa uani je? Huwa unaufunga mchana?"

Binti alimgeukia mama yake.

"Ulikuwa unafungwa," mjane alisema. "Siku hizi nauacha wazi."

"Mama!"

"Sasa wewe ulitaka nifanyeje? Baba yako tulimzika bila funguo zake."

Ghorofani ubao mmoja wa sakafu ulilia wenyewe, kama mbao za nyumba za zamani zinavyolia hewa ikipoa, na wote wanne wakainua macho.

Inspekta alikuwa wa kwanza kuyashusha. Aliomba ufunguo, akafungua kabati, akatoa kigari kimoja kigeni, akakigeuza tumbo juu chini ya kioo cha kukuzia. Kwenye ekseli, palipo na uwazi mdogo kati ya gurudumu na bodi, uzi mweupe ulikuwa umejisokota. Aliuvuta kwa koleo ndogo. Pamba. Akatoa kigeni cha pili: pamba. Akatoa vitatu vya marehemu mwenyewe, havikuwa na kitu. Marehemu alisafisha kwa brashi, na brashi zilikuwa pale zikishuhudia. Kisha akakileta kigari cha kwanza puani.

"Koplo, nusa."

Koplo alinusa. "Kama sindano, afande. Kama pale wanapokupaka kabla hawajakudunga."

"Weka kwenye mfuko. Andika kielelezo."

"Kielelezo cha kielelezo," Koplo alinong'ona, lakini safari hii mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameipa mgongo taa na alikuwa akijitahidi asitazamane na vile vijicho.

Inspekta alipandisha macho hadi rafu ya juu kabisa, ile ya waliofikiria upepo. Katikati yake palikuwa na pengo. Vumbi jembamba lilikuwa limelizunguka umbo tupu, pana upande mmoja na lililochongoka upande wa pili.

"Na pale?"

"Pale palikuwa pa Tone," mjane alisema. "Gari lenye umbo la tone la maji. Kongwe kuliko yote, la kabla ya vita. Alilishika kama anayeshika yai."

"Lilipotea lini?"

Mama na mwana walitazamana. Ilionekana kwamba hakuna aliyewahi kuulizwa, wala kujiuliza.

"Siku aliyoanguka," binti alisema polepole. "Sisi tulidhani lilivunjika."

"Nani alifagia?"

"Mimi."

"Ulizoa vipande?"

Binti alitazama sakafu chini ya pengo. "Hapana. Hapakuwa na kipande hata kimoja."

Inspekta alivuta kiti cha marehemu, akamkalisha mjane, yeye akachuchumaa mbele yake. Kwa miezi kadhaa nyumba hii ilikuwa imekodolea macho kinachoingia. Kilichotoka hakuna aliyekiulizia.

"Nieleze siku ile, mama. Bila haraka."

"Tulikula chakula cha mchana. Nikapanda kulala, kama kawaida yangu. Yeye akabaki huku. Stuli yake ya kupandia ilikuwa imevunjika mguu asubuhi ile, akaenda kwa jirani kuazima ngazi, mara ya kwanza katika miaka yote, nilimsikia akiiburuta uani. Nikasinzia. Nilipoamka nikaona nyumba imenyamaza mno. Nikashuka." Alionyesha sakafu. "Alikuwa hapa unapokaa wewe. Kichwa kwenye mguu wa meza. Ngazi imemlalia. Nikapiga yowe, jirani akaja, nikampigia simu Daktari. Ni rafiki yake, rafiki wa ujanani, na ndiye daktari wetu. Akaja mbio."

"Alipofika?"

"Alisimama hapo mlangoni. Akasema, 'Ngazi ile nilimkataza.' Halafu akalia kama mtoto. Akampima, akatuambia amekufa papo hapo, hakusikia maumivu. Akatuandikia cheti, akatusimamia mazishi. Mungu amlipe."

"Ngazi ilikuwa wapi wakati huo?"

"Jirani alikuwa ameshaitoa. Ilitubana, tulitaka kumnyoosha marehemu. Aliirudisha kwake."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, asiandike kitu. Halafu, kana kwamba amekumbuka jambo lisilo na maana, akauliza kabati lilitengenezwa na nani.

Koplo alikuwa ameona unga wa mbao chini ya rafu ya tatu na njia nzima hadi kwa aliyelitengeneza, seremala wa mtaa uleule, alishikilia kwamba mtu wao ni yeye. Na kweli, seremala alipoona kofia ya polisi ikiinama kupita mlango wa karakana yake, alidondosha patasi.

"Ulikwenda nyumba ya Mhandisi hivi karibuni," Inspekta alimwambia.

"Nilikwenda, ndiyo, sikatai. Mama aliniita, rafu ilikuwa inapinda kwa uzito. Nikaongeza ubao chini yake. Aliniruhusu kuingia mwenyewe na akanisimamia mwanzo mwisho. Muulizeni!"

"Tutamuuliza. Kitasa cha kabati lile ulikiweka wewe?"

"Mimi."

"Kilikuja na funguo ngapi?"

"Mbili, kama vitasa vyote."

"Mmoja anao mjane. Wa pili unao wewe?"

"Mimi wa nini?" Seremala alipandisha sauti, kisha akaishusha. "Mwenyewe Mhandisi alimpa rafiki yake siku hiyohiyo, mbele yangu. Yule mzee daktari. Walikuwa ulimi na mate wale, afande. Siku nzima nimetengeneza kabati nao wananipigia kelele mgongoni, gari gani likae wapi. Mmoja anasema huku, mwingine anasema kule. Nikawaambia, wazee wangu, mngekuwa watoto wangu ningewatandika."

Walipotoka, Koplo alipangusa vumbi la mbao kwenye kofia yake. "Kwa hiyo pamba," alisema.

"Na spiriti."

"Lakini afande, rafiki gani anamwendea mjane kwa kunyata, na mlango wa mbele angefunguliwa kwa furaha?"

"Twende tukamuulize."

Daktari alikuwa amestaafu hospitali ila aliweka chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa zahanati ndogo kwa ajili ya wagonjwa wake wa zamani. Siku hiyo hapakuwa na mgonjwa. Alikuwa mzee mnene wa jana: shati lilimning'inia, na ukosi wake ungeingiza shingo mbili. Aliwakaribisha kwa adabu, akawaonyesha viti, akauliza kama kuna anayeumwa.

"Tumekuja kwa ajili ya msaada wako, daktari," Inspekta alisema. "Wewe ni mjuzi." Alitoa mfuko, akatoa ndani yake lile gari lenye mlango usoni, akaliweka mezani kati yao. "Hili unalijua?"

"La mlango wa mbele." Tabasamu lilimjia mwenyewe bila kuitwa. "Usukani umefungwa kwenye mlango, unaona? Ukifungua mlango, usukani unakupisha. Watu waliangua kicheko. Lakini fikiria, unaegesha uso ukingoni mwa barabara, unashuka moja kwa moja kwenye njia ya miguu..."

Huku akisema alikwisha kulichukua. Kidole gumba kilijaribu gurudumu. Mkono wa pili ulikwenda wenyewe kwenye mtungi wa pamba uliokuwa pembeni mwa meza, ukachomoa kipande, ukakichovya kwenye kichupa cha spiriti, ukaanza kufuta alama za vidole kwenye paa. Alifuta taratibu, kwa mzunguko mdogo, kama anayesafisha kidonda cha mtoto. Ndipo alipotambua kwamba chumba kimenyamaza. Aliinua macho, akamkuta Inspekta anatazama ile pamba.

Alikiweka kigari chini.

"Si kosa," alisema, "kumpelekea mtu zawadi."

"Si kosa. Huko ndani kwako una kabati?"

Koplo alisukuma mlango wa pili. Kulikuwa na rafu, nzuri, za mbao nyeusi, na karibu zote zilikuwa tupu. Vigari vichache vilivyobaki vilikuwa vimesimama mbalimbali, kama wasafiri waliosahauliwa kituoni.

"Unampa vyote," Inspekta alisema.

"Vilikuwa vyake nusu. Tulikusanya pamoja tangu vijana. Akipata yeye, nafurahi mimi."

"Basi mbona hubishi hodi? Mjane wa rafiki yako anaamini anatembelewa na maiti. Binti amekimbilia nje peku. Nawe ulikuwa ukijua."

"Sikujua kama wanasikia."

Inspekta alisogeza kiti mbele. "Nina swali moja la mwisho, kisha tukuache upumzike. Siku ya msiba ulisimama mlangoni ukasema, 'Ngazi ile nilimkataza.' Ngazi ipi?"

"Ya... aliyoangukia."

"Uliiona wapi? Jirani alikuwa ameshaitoa."

"Nilikisia. Kabati ni refu, mtu ameanguka. Kisingekuwa kingine."

"Kingekuwa stuli. Miaka yote Mhandisi alipandia stuli, na wewe kwenye chumba kile ulikuwa kama mwenyeji. Stuli ilivunjika siku hiyo. Ngazi aliiazima baada ya chakula cha mchana, mkewe alipokuwa anapanda kulala. Ngazi ile haikuwahi kuingia chumba kile kabla ya saa ile, daktari, na ilitoka kabla hujaitwa. Sasa wewe ulimkataza lini?"

Mvua ilikuwa imekatika bila wao kujua, na matone ya mwisho yalisikika yakidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye ndoo nje. Daktari akainuka, Koplo akasogea mlangoni, lakini mzee alikwenda tu hadi kwenye kabati la dawa. Alitoa sahani ya kioo yenye mfuniko, akaileta kwa mikono miwili, akaiweka mezani.

Ndani yake kulikuwa na vipande vya rangi ya fedha. Baadhi vilikuwa bado na mng'aro wa rangi upande mmoja, upande wa pili vimekuwa kijivu na kufanya magamba. Pua nzima ilikuwa imepasuka kwa nyufa nyembamba zinazofuatana kama mistari ya kiganja. Palipokuwa na mkia uliochongoka palikuwa na unga.

"Tone," Inspekta alisema.

"Limeoza. Chuma cha kumimina kikiingia uchafu kidogo tu kiwandani, madini ya risasi kidogo tu, kinaoza kutoka ndani. Kinavimba. Rangi inabaki nzuri miaka na miaka. Siku ile aliniita kunionyesha ufa wa kwanza. Nilimwambia ni mkwaruzo. Akakasirika, akasema mimi ni tabibu wa watu, sijui ugonjwa wa vyuma, ngoja nikuletee uone mwenyewe. Nikamwambia, ngazi hiyo miguu yake haikai sawa, usipande." Alikaa. "Akapanda."

"Endelea."

"Alianguka nalo. Hakuliachia. Alilikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, hakuutumia hata mmoja kujikinga. Nami nikapiga magoti pale." Alivitazama viganja vyake. "Miaka yote ya udaktari, Inspekta. Mikono hii imekimbilia shingo za watu nisiowajua. Siku ile ilikimbilia gari. Nilimtoa gari mikononi, nikaligeuza juu na chini kutazama kama limepona. Nilipogeuka, macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa ananitazama."

Koplo alivua kofia.

"Alikuwa hai," Inspekta alisema.

"Alikuwa hai, na aliona nilichofanya kwanza."

"Na kisha?"

"Sikuweza kukaa mbele ya macho yale. Ndiyo hivyo tu, sina sababu nyingine, nimeitafuta. Nilitoka kwa mlango wa uani gari likiwa mfukoni. Nikasema moyoni nitafika nyumbani niite gari la wagonjwa. Nilifika nyumbani nikakaa na simu mapajani. Ilipolia, nilijua ni mkewe."

"Angepona?"

"Usiniulize hilo."

"Nitaulizwa mahakamani. Nakuuliza."

Daktari alitazama ile sahani. "Pengine," alisema. "Ndiyo. Pengine."

"Alisema chochote?"

"Alimwita mkewe. Kwa jina. Sauti ilikuwa ndogo, haikufika hata mlangoni." Alifuta uso kwa ile pamba ya spiriti bila kujua. "Nilipoliona gari linaanza kupasuka humu ndani mwangu, nilitaka kulirudisha, lakini utarudishaje unga? Nikampelekea jingine badala yake. Halikutosha. Nikapeleka jingine. Kila ninapofungua lile kabati, yote yananitazama vilevile kama alivyonitazama yeye."

Inspekta alisimama. Alimweleza, kwa maneno yale yale ambayo sheria inataka, kwamba anakamatwa kwa kuandika cheti cha uongo cha kifo na kuficha mazingira ya kifo, na kwamba mengine yataamuliwa na wanaoamua. Mzee alinyoosha mikono mwenyewe. Koplo aliitazama, akatikisa kichwa, akamshika kiwiko tu, kama anayemvusha barabara.

Jua la alasiri lilikuwa limetoka Inspekta aliporudi peke yake nyumba ya mwisho wa mtaa. Mjane alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kwenye kiti cha mumewe, binti kasimama nyuma yake.

"Leo hakuja," mjane alisema. "Nadhani mmemtisha."

Inspekta alichuchumaa palepale. Hakuzunguka mbuyu, alikuwa amejifunza kwamba habari mbaya ikicheleweshwa huzaa. Aliwaeleza, ngazi, Tone, mlango wa uani, ila sahani ya unga na yale macho yaliyokuwa wazi hakuvitaja. Binti aliziba uso. Mjane alisikiliza mikono ikiwa imelala magotini, na Inspekta alipomaliza aligeuka akavitazama vigari kwa muda mrefu, kimoja baada ya kingine, kama anayetafuta uso kwenye umati.

"Kwa hiyo hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye, mama."

"Hata mara moja."

"Hata mara moja."

Aliitikia. Ilikuwa kama kumwona mtu anapokea msiba wa pili wa mtu yule yule.

"Daktari alituambia alikufa papo hapo."

Inspekta angeweza kusema kwamba hilo ni la mahakama. Aliutazama uso ule ulionyooka, akaona kwamba utalisikia tu, leo au mbele ya watu.

"Hapana, mama. Alikaa kidogo."

"Alisema kitu?"

"Alikuita." Akaharakisha kuongeza, maana hilo lilikuwa jambo pekee alilokuja nalo la kumpoza, "Lakini sauti ilikuwa ndogo sana. Daktari anasema haikufika hata mlangoni."

Mjane alitikisa kichwa taratibu.

"Ilifika," alisema. "Niliota ananiita. Nikamwitikia, nikasema nakuja. Kisha nikageukia ukutani, nikalala."